Biskuti za jibini na seredani ya Mama

Jumamosi, baada ya Isha

Mama keshalala. Nyumba bado inanukia kitunguu cha kukaanga, harufu ile ya siku ya harusi pale masufuria ya biriani yanapoanza kupangwa uani. Nami nimekaa na kopo la biskuti mapajani, naandika kabla sijasahau vipimo. Zimebaki kumi na moja. Nimezihesabu mara mbili.

Nianze na sababu. Mama yangu ni mtu wa Wete, na tangu nipate akili, kwetu sikukuu haikuingia bila vileja vyake. Unga wa mchele, samli, sukari, mayai, hiliki. Anaviringa, anabonyeza, anavipanga kwenye sinia safu kwa safu kama watu waliosimama msikitini. Majirani walikuwa wakituma watoto waje waulize kama bado vipo. Miaka mitatu iliyopita akaambiwa ana sukari, akahamia kwangu hapa mjini, Kikwajuni, awe karibu na kliniki. Vidonge alivikubali. Kutembea asubuhi alikukubali. Chai kavu isiyo na sukari aliizoea baada ya mwezi. Lakini jikoni hakurudi. Hakusema kwa nini, nami sikuthubutu kumuuliza. Sikukuu zimekuja na kupita nikinunua vileja vya watu, navipanga mezani chini ya kawa, yeye anakaribisha wageni na kuwamiminia chai, na mkono wake hauendi kwenye sahani.

Kutokula ningekuzoea. Kilichoniuma ni kwamba haonji tena, hatii neno, hasemi hiliki imezidi wala samli haikutosha.

Ndipo nikafikiria biskuti za chumvi. Jibini na kitunguu si ladha ngeni kwetu. Nenda Forodhani jioni, simama mbele ya mpishi wa pizza ya Zanzibar, utamwona anavyovunja yai juu ya nyama ya kusaga na kitunguu, anatia jibini, anakunja pembe nne na kutandaza kwenye chuma. Na Mama jibini analipenda toka zamani, lile la kopo ambalo jamaa zetu wa Maskati walikuwa wakituletea kwenye masanduku pamoja na ubani na kanzu za watoto. Alikuwa akilikata vipande vyembamba na kuvichomeka ndani ya mkate wa ajemi ungali wa moto.

Najua unga mweupe nao ni wanga, na wanga ukishaliwa unageuka sukari mwilini. Sikuwa natafuta biskuti ya kula sinia zima. Nilikuwa natafuta mbili tu, na chai, saa kumi ya alasiri.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi iliyopita. Dukani nilikuta mozarela peke yake, nikaichukua. Kitunguu nikakikatakata kibichi, nikachanganya na unga na siagi, nikaukanda. Mkono wangu ni wa chapati. Unga wa chapati unaukanda mpaka uvutike, kwa sababu maji na nguvu za mkono ndivyo vinavyoitengeneza gluteni, ule mvutano unaoishika chapati isikatike unapoisukuma. Biskuti inataka kinyume chake. Siagi ya baridi inasuguliwa kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama mchanga, mafuta yatangulie kuzifunika punje za unga kabla maji hayajazifikia, halafu unaukusanya tu uwe donge moja, basi, mkono utoke. Mimi niliukanda kama nawapikia watu kumi daku. Na kitunguu kibichi karibu sehemu tisa kwa kumi ni maji matupu; ukikifungia ndani ya unga na kukipeleka motoni, maji yote kinayaachia humo humo. Mozarela nayo ina maji mengi, na ikipoa inakuwa mpira. Zilitoka ngumu pembeni, mbichi katikati. Mwanangu mdogo alikula moja mpaka ikaisha, kwa adabu yake. Mama alichukua yake, akaibonyeza kwa kidole gumba, akairudisha sahanini.

"Kitunguu hiki bado ki hai," akasema.

Hakuongeza kitu. Lakini lilikuwa neno lake la kwanza la jikoni kwa miaka mitatu, na usiku ule nililala nalo.

Jumatatu nikaenda Darajani. Jibini nikapata la cheda, gumu, la manjano, lenye maji machache zaidi, na chumvi yake mwenyewe inatosha. Unga wake usiutie chumvi nyingine. Vitunguu nikachagua vile vyekundu vya Mang'ola vinavyovuka bahari kutoka bara, vikavu, ganda linachakarika mkononi kama karatasi. Nilivyofika nyumbani Mama akaangalia kapu, akaniuliza vitunguu vyote hivi vya nini. Nikamwambia.

"Basi nipe kisu. Na ungo."

Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, penye mwanga. Kila kitunguu alikipasua mara mbili, akakilaza tumbo chini, akakata vipande vyembamba hata ukikiinua kimoja unaona kidole chako upande wa pili. Mimi nikakata viwili, akavitazama, akavirudia. Unene ukipishana, chembamba kinaungua na kinene bado kinachemka. Tukavitandaza kwenye ungo, tukavianika uani, na jua la Kaskazi halikuhitaji kubembelezwa: toka saa nne mpaka saa tisa vilikuwa vimenywea vyote, vimekuwa kama nyuzi.

Ni kitunguu cha biriani. Nimekila maisha yangu yote, nimekimwaga juu ya wali kwenye harusi sijui ngapi, na haikunipitia akilini kwamba ndicho nilichokuwa nakihitaji.

Kukaanga alikaa pembeni yangu. Mafuta mengi, moto wa wastani, mwiko usitulie. Mwanzo povu lilipanda zito na kelele nyingi, maji yale yaliyobaki yanatoka. "Sikiliza," akaniambia. Nikasikiliza. Kelele zikapungua taratibu, povu likawa jembamba, ikabaki sauti ndogo kavu kama mtu anapita juu ya majani. Rangi ilikuwa ya asali tu, mimi nangoja ikoze. "Toa sasa. Moto umo ndani yake bado." Nikatoa, nikatandaza juu ya karatasi, na kweli, vikaendelea kukoza vyenyewe mbele ya macho yangu mpaka vikawa rangi ya karafuu iliyokaa juani siku mbili. Ningengoja nilivyotaka, vingekuwa vichungu. Vitunguu vinne vikubwa vikawa konzi mbili. Yale mafuta akayachuja akayatia chupani. Anasema harufu ya biriani iko humo, wala haiko kwenye bizari kama watu wanavyodhani.

Leo ndiyo siku yenyewe. Vipimo hivi hapa, kwa anayevitaka. Unga wa ngano robo kilo, umechungwa na nusu kijiko cha chai cha bekin pauda. Siagi ya baridi gramu 120. Jibini la cheda gramu 150, likwaruzwe kwa ile greta ya karoti. Kitunguu cha kukaanga konzi moja, ukivunjevunje kwa vidole. Pilipili manga. Kiini cha yai kimoja na maji ya barafu vijiko viwili, vikizidi vitatu umeharibu. Mama akaongeza kijiko kimoja cha yale mafuta ya kitunguu, na habasoda ya kunyunyiza juu. Donge likakaa kwenye friji nusu saa. Hilo usiliruke, maana kwa joto la mwezi huu siagi haikai mezani dakika kumi bila kulegea, na unga uliolegea ukiingia motoni unatandaa badala ya kusimama. Nikausukuma unene wa kidole kidogo, nikakata kwa mdomo wa gilasi ndogo. Zikatoka thelathini na nane.

Nikawasha oveni, nyuzi 180. Sinia la kwanza lilikuwa limekaa dakika sita umeme ukakatika.

Nilisimama pale natazama kioo cheusi cha oveni, machozi yako karibu. Wiki nzima ya kazi, jua, ungo, mafuta, na safari hii nilikuwa na yakini zitatoka vizuri. Kutoka sebuleni nikasikia naitwa.

"Labeka."

"Makaa yapo?"

Yalikuwapo, nusu gunia la vumbi nyuma ya pipa. Hapo nikaukumbuka ule mwaka wa giza, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka bara ilipoharibika na Unguja nzima ikakaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Mama alikuwa amevuka kutoka Pemba kuja kunitazama uzazi wa mwanangu mkubwa. Mji mzima unaunguruma majenereta, na yeye kila jioni anachoma mkate uani kwangu, moto juu na chini, kana kwamba hakuna lililotokea. Seredani ile ile ndiyo aliyoniambia niitoe leo.

Nilipepea mpaka makaa yakawa mekundu, yakaanza kuvaa majivu. Sufuria kubwa la pilau likatiwa mchanga mkavu, vidole viwili kwenda juu, na juu ya mchanga kigae cha kukalisha sinia. Bati likawa mfuniko, na makaa juu yake. Watu wengi wanakosea hapa, wanajaza moto chini. Chini panatakiwa makaa machache, matano au sita yaliyochoka; mengi yakae juu. Kabla hajaruhusu biskuti ziingie alidondosha unga kidogo kwenye kipande cha bati, akakiweka ndani, akafunika, akasoma Kulhuwallahu mara tatu, si haraka si polepole. Akafunua. Unga ulikuwa umepiga wekundu wa mbali. Akatoa kaa moja la chini kwa koleo, moja tu, akaliweka kando.

"Leta."

Zile zilizoanza kwenye oveni zilikuwa zimeshatandaa, akasema zitangulie hizo hizo. Zilitoka bapa, jibini limetoka pembeni na kufanya kimia cha kahawia kama ukingo wa shela, na watoto walizigombania kuliko zote. Sinia la pili na la tatu zilisimama. Tulikaa uani, yeye kwenye kigoda na koleo mkononi, mimi na kipepeo, jasho linatutoka sote wawili. Akanihadithia alivyojifunza kupima moto kwa mkono wa bibi yangu, ambaye alikuwa akiweka jani la mgomba badala ya unga na kutazama linavyosinyaa. Sijawahi kuisikia habari hiyo. Miaka yote hii.

Biskuti ya moto usiile, inadanganya, jibini bado laini unadhani haijaiva. Tulingoja zipoe. Mama akachukua moja, akaivunja karibu na sikio. Ilikatika kavu, na ndani zikaonekana tabaka na vijiuzi vya kitunguu vimelala humo, vyekundu vya kuiva. Akatafuna huku anatazama ukuta.

"Pilipili manga haikutosha."

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata kwa maneno hayo. Nilimwambia ndiyo, Mama, haikutosha, na akala iliyobaki, akachukua ya pili, kisha akafunika sahani mwenyewe, akasema hizo ndizo zake za leo. Chai aliinywa yote.

Halafu akaanza kugawa. Kumi kwa bi jirani wa mkono wa kulia, maana sahani yake ya mkate wa kumimina iko kwetu toka Ijumaa na haiwezi kurudi tupu. Nane kwa yule wa ng'ambo ya njia mwenye mgonjwa. Saba watoto wameshazimaliza. Mbili zake. Mimi nimeonja vipande vilivyovunjika, vya kutosha. Zilizobaki nimezitia kwenye kopo kavu zilipokwisha kupoa kabisa, karatasi chini na juu, kwa sababu hewa yetu hii ya bahari biskuti ya chumvi haiihurumii: ukiiacha wazi toka Magharibi mpaka Isha inalegea. Ikilegea, dakika tano motoni inarudi.

Umeme umerudi kitambo. Saa ya oveni inawakawaka nyekundu, sijaigusa.

Kabla ya kwenda kulala Mama aliniomba kisu tena. Amekata vitunguu vitano, na pilipili manga ameniambia nitafute ya punje, ataitwanga mwenyewe, hii ya pakiti imeshakufa. Ungo uko juu ya meza, umefunikwa kwa kawa. Kesho kukicha bila wingu nautoa uani.