Picha za kabatini na mzazi wa ughaibuni

Kwetu Wete, Pemba, mwanamke akijifungua haachwi peke yake. Anarudi kwa mama yake, chumba kinafukizwa udi, maji ya moto yanaletwa asubuhi na jioni akandwe, tumbo linafungwa kwa kanga, na uji wa pilipili manga unamsubiri autake asiutake. Arubaini nzima. Mashangazi na majirani wanapita mlangoni, kila mmoja na sahani yake na maneno yake, mengine ya kuudhi kwelikweli. Lakini mzazi analala, na mtoto yuko mikononi mwa watu.

Mchukue mwanamke huyohuyo umpeleke Leicester, Uingereza, mwezi wa Disemba. Jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mume yuko zamu ya usiku ghalani. Jirani ni wa kupungiana mkono tu. Nani amkande?

Sisi wanawake wa Unguja na Pemba tunaoishi huku tunajitahidi. Tukisikia kuna mzazi tunagawana siku, huyu anapika mchuzi, yule anakuja kufua. Ila kila mtu ana kazi yake na watoto wake, na baada ya wiki mbili tatu zamu zinalegea. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika, maana huzuni ya siku chache baada ya kuzaa, ile ya kulia bila kujua unalilia nini, huwapata wengi na hupita yenyewe. Inayovuka wiki mbili ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema duniani kote karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na katika nchi zinazoendelea inafika asilimia 19.8. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba haya ni maradhi ya Wazungu.

Huku nesi anakuja nyumbani, na mara nyingi anakuja na fomu ya maswali 10 iliyotungwa Uskochi na kuchapishwa mwaka 1987. Inauliza kuhusu siku saba zilizopita: umeweza kucheka, umejilaumu pasipo sababu, umekosa usingizi kwa huzuni, umelia. Fomu nzuri. Shida ni kwamba Mpemba akiulizwa na mgeni kama analia, atajibu "Alhamdulillah, sijambo," kisha ataenda kumtengenezea mgeni chai. Nesi anaondoka ameridhika.

Aliyetufungua macho ni mwenzetu mmoja, mtoto wake wa kwanza alikuwa na wiki kama tano hivi. Kila ukimpigia anasema mzima, na kila ukienda pazia limefungwa. Siku moja akasema neno dogo tu, kwamba anatamani kumwona mama yake alivyokuwa wakati amemzaa yeye. Basi tukaanza kuitafuta picha.

Mtu asiyetujua atadhani kazi hiyo ni ya dakika mbili. Picha za wanawake kwetu hazitundikwi sebuleni. Zimo ndani ya albamu, albamu imo ndani ya kabati la nguo, chini ya madoti ya kanga, na ufunguo anao bibi. Ndani yake mna watu wasiojifunika, wamevaa gauni za arusi, nywele zimesukwa na asumini zimechomekwa. Hata leo arusini simu zinazuiwa mlangoni kwa sababu hiyohiyo. Kumwambia mama mtu mzima azipige picha hizo kwa simu na kuzirusha hewani ni kumgusa penye sitara yake. Alikataa. Akakataa tena. Mwishowe mama mdogo wa mwenzetu ndiye aliyekubali, kwa sharti kwamba picha iende kwa binti peke yake, asiione mume wa mtu, isiingie kwenye kundi lolote. Sharti hilo sisi tumelifanya sheria: picha ni mali ya aliyemo, na akisema futa, inafutwa.

Picha yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mama mtu amekaa kwenye mkeka uani, mtoto mapajani, kitambaa kichwani, uso umevimba kwa kukosa usingizi. Hacheki. Ukizitazama za zamani utaona wengi hawacheki, hata zile zilizopigwa Unguja kwenye studio kama Capital Art ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ambako wazee wetu walisimama wima kama askari mbele ya kamera. Mwenzetu akampigia mama yake: mbona ulikuwa umenuna hivi? Na mama, ambaye miaka yote alikuwa akimwambia "wewe ulizaliwa kwa furaha," akasimulia kwa mara ya kwanza kwamba arubaini ile alilia kila alfajiri, kwamba maziwa yaligoma, kwamba bibi ndiye aliyekuwa akimpokea mtoto ili yeye apate kulala.

Hapo ndipo ninapoona siri ya jambo hili ilipo. Picha ilifungua mlango, kilichomsaidia ni masimulizi. Binti alikuwa akijilinganisha na wenzake anaowaona kwenye simu, wamejiremba, mtoto kavishwa soksi zinazolingana na kitambaa cha kichwani (sijui nani ana muda huo). Picha ya mama yake ilimwambia kwamba mwanamke anaweza kuchoka hivyo na bado akaja kuwa mama wa watu. Wiki hiyo akakubali kwenda kwa daktari, naye mwenyewe ndiye aliyelitaja neno sonona.

Wataalamu wamelishughulikia jambo hili la kukumbuka kwenu na yaliyopita kwa muda mrefu. Mwaka 1688 Johannes Hofer, akiwa Basel, aliandika juu ya hamu ya kwao akiihesabu kuwa ni ugonjwa. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, alitetea wazee waachwe wasimulie maisha yao, wakati wengi wakiona ni dalili ya kuzeeka vibaya. Siku hizi watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, akina Constantine Sedikides na Tim Wildschut, wamekuwa wakionesha kwamba kukumbuka yaliyopita humrejeshea mtu hisia kwamba ana watu wake. Katika utafiti uliochapishwa 2008 walioshirikiana na wenzao wa China, walitazama pia watoto waliohama na wazazi wao kutoka shamba kwenda mjini: waliokuwa wapweke zaidi walijiona hawana wa kuwategemea, lakini pia ndio waliokumbuka zaidi, na kumbukumbu hizo zikawapunguzia hali ya kujiona hawana mtu. Bibi zetu hilo walilijua bila kuandika chochote, ila inapendeza kuliona kwenye karatasi.

Tangu hapo tunawatafutia na wengine picha za kwao, lakini si kila picha ni ya kutumwa. Aliyefiwa na mama yake mwaka huu usimtumie picha ya mama ukadhani unamliwaza. Muulize kwanza, pengine anaitaka, pengine itamvunja. Aliyeachwa usimletee ya arusi. Na kwa wale ambao utoto wao ulikuwa wa kipigo, albamu ni adhabu. Sisi tunaanza na picha zisizo na uzito: watoto wa Idd viwanja vya Tibirinzi, Chake Chake, na nguo zilizoshonwa kubwa makusudi ili zivaliwe na mwakani, au watoto tumekaa kwenye jamvi tunachambua karafuu, makonyo upande huu, karafuu upande ule, vidole vyeusi. Anayetuma anatakiwa atume na sauti yake akieleza nani ni nani. Picha bila sauti hatuipokei.

Na kuna mahali picha hazifai kitu. Mzazi asiyelala siku kadhaa na bado ana nguvu za ajabu, anayesikia sauti, anayesema mtoto si wake au anafikiria kujidhuru, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo. Huku simu ya dharura ni 999. Nyumbani watu watasema jini, na kisomo kitasomwa, sina ugomvi na kisomo. Kisomwe, na gari la hospitali liwe limeshaitwa. Tumekua tukitaniana kwa jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, na utani huo umewafanya wengi wafiche wagonjwa ndani.

Halafu kuna mama wa upande wa pili, aliyebaki nyumbani, ambaye hakuna fomu inayomuulizia. Mama yangu ana watoto Uingereza, Maskati na Kanada. Msimu wa karafuu ukija, nyumba iliyokuwa haina pa kukanyaga ina yeye na binti wa jirani. Tulikuwa tunamtumia picha nzuri, tumesimama mbele ya bustani, tumevaa makoti. Akatukemea. Anasema bustani ya serikali inamhusu nini? Anataka kuliona jiko langu, sufuria ninayopikia wali, mahali anapolala mjukuu. Na hataki ya kwenye simu, maana simu inazima na mjukuu wa kaka anaichezea. Anataka ya karatasi, aiweke chini ya mto, wageni wakija aitoe awaeleze yeye.

Kwa hiyo sasa tunachapisha na kumpa anayesafiri. Bahasha ya mwisho alirudisha ujumbe kwamba kwenye picha ya jiko ameona viazi vinachipua kwenye kapu, na kwamba hakunilea hivyo.