Give up moja, Kirusi tatu

Tumeshuka leo mchana geti la Mweka, kutoka Mlima Kilimanjaro. Miguu imechoka, moyo umejaa.

Nilikuwa namwongoza mama mmoja wa makamo na binti yake, Warusi. Kiingereza cha mama ni cha kuokoteza.

Jana kabla hapajakucha, chini kidogo ya Stella Point, ukingoni mwa kreta, mama akakaa kwenye jiwe. Nikamwambia: don't give up.

Akanitazama. Akavua glavu moja, baridi ile! Akaweka vidole viwili mdomoni kama mvuta sigara, kisha akafanya kama anatupa kitu gizani kule chini.

Akainuka. Pole pole mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Leo getini, tukisubiri vyeti, binti akanifafanulia. Mama aliacha sigara kwa ajili ya mlima huu, na give up aliyoijua ni hiyo. Kwa Kirusi kuacha sigara ni brosit, neno lile lile la kutupa. Kukata tamaa ni sdavatsya. Kumpisha mtu kiti kwenye basi ni ustupit. Kiingereza kinazibeba zote kwa give up!

Kile kitendo cha mkono hakinitoki kichwani.

Nimejifunza "ne sdavaytes", yaani "usikate tamaa" kwa heshima, ya kumwambia mtu mzima.

Waongoza watalii wenzangu wa Moshi na Arusha, mgeni wa Kirusi akichoka kule juu mnampa neno gani? Tupieni hapa, nina safari nyingine karibuni.