Mshale mtupu ndio ulionionesha kosa

Mishale yangu ilikuwa ikienda kulia, nikaambiwa nilenge kushoto kidogo, mambo yatakuwa sawa. Ushauri ule ulinikera. Mshale unaoruka kimshazari hupoteza nguvu njiani, na ukiuvika kigumba cha kuwindia, makali yake mapana hushika upepo kama tanga na kuuzidisha upotofu.

Nilitoa manyoya kwenye mishale miwili ya kaboni. Mkiani nikazungushia utepe wa umeme mpaka uzito ukalingana na wa manyoya yaliyotoka, maana mkia ukipungua uzito, mshale hujifanya laini kuliko ulivyo. Uzito mdogo hivyo haupimiki kwa mizani ya dukani. Nilikwenda kwa sonara.

Nikapiga hiyo mitupu pamoja na yenye manyoya kwa mita 15, kwenye gunia lililoshindiliwa makumbi. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale mtupu, yaani usio na manyoya, ukitua kulia ya wenye manyoya, uti (fimbo ya mshale) ni laini mno, unapinda kupita kiasi. Kushoto, ni mgumu mno. Ukitua juu, pandisha alama ya kupachikia kwenye ugwe, chini, ishushe. Hilo la juu na chini limalize kwanza.

Wangu ulitua kulia, shubiri nzima. Kuukata uti huukaza, basi nikakata inchi 1 kwa mkupuo. Mshale ukahama, ukapita wenzake, ukatua kushoto. Uti uliokatwa haurefuki tena, na mishale nilikuwa nayo michache. Kilichouokoa ni kichwa, chuma cha mazoezi kinachokaa mbele: nilitoa cha gramu 6.5 nikaweka cha gramu 8.1, kwa kuwa uzito wa mbele huufanya uti upinde zaidi ugwe unapousukuma. Ukaingia katikati ya wenzake. Siku hizi nakata robo inchi, napiga mara sita, ndipo nakata tena.

Kaboni ikate kwa grainda yenye jiwe jembamba, barakoa usoni. Msumeno wa mkono huchanua nyuzi. Kichwa kikiwa cha gundi ya moto, pasha chuma, usipashe uti.

Manyoya ya ndege huloa wakati wa masika na kulala. Ya plastiki hayaloi, ila bila kiegemeo, kishikizo kinachouinua mshale usiguse upinde, huugonga upinde na kuutupa mshale pembeni.

Mwisho navika kigumba chenye uzito uleule, naviringisha mshale juu ya kioo cha meza. Ncha ikitetema, nakitoa nakipachika upya. Kwa mita 20 kigumba na kichwa cha mazoezi vikitua pamoja, mshale unaingia podoni.