Nilivyojifunza tiba ya fikra na tabia nikiwa Dodoma

Nianze na ushauri ulionipotezea muda, maana najua maofisa ustawi wa jamii wenzangu bado wanapewa huo huo. Nilipotaka kujifunza tiba ya fikra na tabia, ile ambayo wengi wanaiita CBT, niliambiwa nikariri kwanza orodha ya makosa ya kufikiri: kutabiri mabaya, kudhani unajua watu wanakuwazia nini, kujibebesha lawama, kuona jambo ama limefaulu kabisa ama limeharibika kabisa. Baada ya hapo, eti kazi inabaki kumwonyesha mteja kosa lake. Inanikera mpaka leo. Mtu mwenye hofu ukimwambia "mama, hapo umekosea kufikiri", umeshamfungia mlango. Ukoo mzima umekwisha kumwambia jikaze, acha kuwaza, omba Mungu. Hajaja kwako kutafuta mtu mwingine wa kumkosoa.

Kilichonifungua macho ni historia ya tiba yenyewe. Miaka ya 1960 huko Philadelphia, Marekani, daktari wa akili Aaron Beck, aliyefunzwa mbinu za Freud, yule mwanzilishi wa tiba ya kuchimbua yaliyofichika akilini, alibaini kwamba wagonjwa wake wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, wana mawazo yanayopita kichwani upesi sana, na hawayasemi mpaka waulizwe. Mpaka waulizwe! Ufundi wote umelala hapo. Tukio linatokea, wazo linapita, ndipo hisia inapanda, na mtu anafanya jambo kutokana na hisia ile. Wewe kazi yako ni kuuliza mpaka wazo lile lionekane, kisha mlipime pamoja kama mnavyopima dai lolote: nini kinaliunga mkono, nini kinalipinga.

Nilianza kwa daftari langu mwenyewe kabla ya kumpa mtu yeyote kazi ya nyumbani. Mkuu akipiga simu jioni, tumbo linakaza. Naandika: nini kimepita kichwani sasa hivi? "Kuna malalamiko juu yangu." Ushahidi? Mara nyingi alikuwa anatafuta faili. Fanya hivyo kwa muda na utajua ugumu wa kile unachomwomba mteja akifanye.

Mafunzo yenyewe yalikula kama mshahara wa mwezi hivi, na bando la intaneti sikulihesabu. Hela iliyozaa zaidi ni nauli ya kwenda kwa msimamizi wangu, mwanasaikolojia aliyesikiliza rekodi za mazungumzo yangu, kwa ridhaa ya wateja, akaniambia swali gani lilimfungua mtu na lipi lilimnyamazisha. Bila msimamizi usijiite mtaalamu.

Sasa niwape kisa cha fomu. Fomu ya mawazo ya vitabuni ina safu saba, na hisia unaipima kwa asilimia. Nilimpa mama mmoja muuza zabibu anayekaa Nkuhungu, ambaye alikuwa ameacha kupanda daladala. Akikaa garini moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, ana hakika atadondoka afe. Hospitali walishampima moyo wakaukuta mzima. Hatua hiyo msiiruke. Fomu ikarudi tupu. Nikamuuliza hofu yake ni asilimia ngapi. "Mwanangu, hofu ni hofu."

Nikaiweka fomu pembeni. "Mama, tuseme hofu kubwa kuliko zote ni elfu kumi. Leo uliposimama kituoni ilikuwa ya shilingi ngapi?"

Hakusita. "Elfu nane na mia tano."

"Na ulivyokaa hapa?"

"Elfu moja tu."

Yule mama anahesabu chenji tangu utotoni! Kuanzia hapo aliniletea vipimo mpaka vya mia mbili, na safu saba zikawa tatu kwenye daftari la mwanawe: nini kilitokea, niliwaza nini, hofu ya shilingi ngapi.

Tukapanga ngazi. Kusimama kituoni, kupanda na kushuka gari likiwa bado limesimama, kituo kimoja na binti yake, kituo kimoja peke yake, mwisho Soko la Majengo. Kabla ya kila hatua anaandika anachotabiri, akirudi tunalinganisha. Ofisini tulikimbia tukiwa tumesimama pale pale mpaka moyo ukadunda kama garini, nikamuuliza, "Umedondoka?" Akatazama miguu yake. "Bado nimesimama."

Lakini garini hofu iligoma kushuka chini ya elfu saba, ingawa alikuwa anafika. Hapa wengi wangemwambia aongeze bidii. Mimi nikauliza, "Unadhani kwa nini hukudondoka?"

"Kwa sababu nilikuwa na maji."

Kumbe kila safari alikaa siti ya mlangoni na chupa ya maji mkononi, na kichwani mwake chupa ndiyo iliyomwokoa. Kila safari salama ilikuwa inaipa chupa sifa badala ya kuipunguzia hofu nguvu. Tukakubaliana chupa ibaki kwa binti yake, akae siti ya nyuma, asishuke hofu ikiwa bado juu. Alipanda na elfu tisa, akafika mjini na elfu nne. Safari zilizofuata zilishusha zaidi, na zabibu zake sasa anazipeleka Majengo mwenyewe.

Mtu akigusia kutaka kujiua, msibaki na ngazi wala daftari. Mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo, na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, tunayo hapa hapa mjini. Mimi sasa nimehamia upande wa sonona, ambako mara nyingi huanza na ratiba ya shughuli ndogo ndogo za siku kabla ya kugusa fikra. Natafuta mwenzangu hapa Dodoma wa kuigiza naye mshauri na mteja, tupokezane, tuulizane maswali mpaka ulimi uzoee.