Mtu alitulia, nyasi zikakataa

Basi jamani ile filamu fupi niliyokuwa naipigia kelele kila siku, shuti tumemaliza. Dakika 6, shoti 9, hakuna anayeongea na kamera haisogei hata kidogo. Wazo lilikuwa jepesi tu, nichukue zile picha za kupanga, unamwambia mtu simama hapa, shika hivi, tazama kule, alafu badala ya kubonyeza mara moja niiache kamera irekodi. Nilidhani nitapata picha ileile ila ndefu. Wapi!

Shoti ya 3 ndo ilinitia adabu. Rafiki yangu kasimama kwenye nyasi zinazomfika kiunoni, kashika begi la safari la zamani (mwanzo lilikuwa tupu, bega likawa linamuumbua, ikabidi tulijaze mawe), nyuma yake kilima na anga. Nikamwambia usicheze, dakika moja tu. Sekunde 10 za kwanza ni picha kabisa, ungeweza kuitundika ukutani. Ya 20 unaona koo linameza mate. Ya 40 vidole vinaanza kutetemeka kwa yale mawe, na hapohapo kivuli cha wingu kinateremka kilimani taratibu mpaka kinamfunika, nyasi zote zikalala upande mmoja kama zimeamrishwa. Mi nilipanga mtu na begi tu, hayo mengine yalijileta.

Wapo wanaosema picha ya kupanga ni uongo, hapo huwa nabisha sana. Mwaka 1840, upigaji picha wenyewe bado mchanga, Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga picha akijifanya maiti ya mtu aliyezama majini, kwa hiyo haya mambo hayajaanza jana. Alafu yupo Jeff Wall wa Kanada, picha yake ya 1993, watu wamekumbwa na upepo kwenye uwanda, karatasi zinapeperuka angani, kaitoa kwenye mchoro wa Hokusai wa Japani. Ukiitazama unasema huyu jamaa kabahatisha, kumbe wale ni waigizaji na ile ni zaidi ya picha 100 zimeunganishwa kwenye kompyuta. Yaani upepo kaujenga kipande kwa kipande! Mimi wangu ulikuja wenyewe na ukaondoka ulipotaka, nikaomba urudi tupige tena, nyasi kimya.

Chris Marker naye kwenye La Jetée ya 1962 alipita njia ya kinyume, filamu ya dakika 28 hivi, karibu yote ni picha mnato na sauti ya msimulizi, mpaka mahali pamoja mwanamke aliye kitandani anafumbua macho na kupepesa. Sekunde chache tu. Mwili unasisimka, maana ushazoea kwamba humu hakuna kinachocheza. Nimeirudia mara nyingi mno na bado kile kipande kinanishtua.

Shoti ya 7 siipendi, nikiri tu. Mwamvuli mwekundu kwenye uwanda mtupu, imekaa kama kalenda, nimeibakiza kwa sababu ya ndege mmoja anayekatiza juu bila habari na sisi.

Kilichobaki ni sauti. Upepo uliingia kwenye maiki ukaharibu zote, kwa hiyo Jumamosi narudi palepale, bila mtu, bila begi, kurekodi nyasi.