Ninavyowalinda wagonjwa walio kwenye benchi la dharura

Watu wengi huiona kazi ya muuguzi wa idara ya dharura pale gari la wagonjwa linapofika na kila mtu anakimbia. Mimi kinachoninyima utulivu ni benchi. Mgonjwa aliyekwisha kupimwa, akapewa rangi ya njano, yaani wa haraka lakini anayeweza kungoja kidogo, na kuambiwa asubiri, anaweza kubadilika ghafla bila mtu yeyote kujua, maana kwenye karatasi bado ni wa njano.

Nilipopangiwa meza ya kupokea wagonjwa nilianza kuandika kando ya kila jina saa aliyopimwa na saa ya kumrudia. Wa njano nawarudia kila nusu saa, na foleni ikinizidi naomba mwenzangu anishikie meza. Nikifika sianzi na mashine. Namsalimia, namwuliza anaendeleaje, nasikiliza kama anamaliza sentensi bila kukatika pumzi. Kisha namshika mkono kama ninayepima mapigo, macho yakiwa kifuani, nahesabu pumzi dakika nzima. Simwambii, kwa sababu mtu akijua unahesabu pumzi zake hubadili namna anavyopumua.

Hicho ndicho kipimo kinachorukwa sana. Presha, mapigo na oksijeni mashine inakutolea namba. Pumzi zinamtaka mtu asimame atazame. Nimeona chati ambazo kila mgonjwa anapumua mara 18, toka wa kwanza hadi wa mwisho, jambo lisilowezekana. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Kwenye NEWS2, mfumo wa alama za tahadhari uliotolewa Uingereza mwaka 2017, anayepumua mara 25 au zaidi anapata alama 3, ya hatari ya juu kabisa, kwa kipimo hicho peke yake, hata kama presha bado ni nzuri.

Zamu moja alikuwapo mzee aliyekuja na homa na maumivu ya kiuno. Presha nzuri, oksijeni asilimia 96. Alikaa kimya, haombi chochote, kijana wake akidhani amesinzia. Nilipomwuliza, "Mzee wangu, unajisikiaje?" alijibu kwa vipande: "Sista… naona… baridi." Pumzi 28, mapigo 118, vidole baridi. Nikamfuata daktari: "Yule mzee mwenye homa na maumivu ya kiuno, nusu saa iliyopita alipumua mara 20, sasa 28. Mapigo yamefika 118 na anaongea kwa shida. Nahofia maambukizi yameingia kwenye damu. Naomba umwone sasa hivi, mimi namhamishia kitandani." Aliinuka papo hapo. Kama ningesema tu kwamba mzee simwelewi, nadhani angemaliza kwanza aliyekuwa naye. Tulichukua damu ya vipimo, tukaweka dripu, na dawa ya kuua bakteria ikaingia kabla saa moja haijaisha.

Katika pilikapilika za namna hiyo dawa nyingi huagizwa kwa mdomo. Narudia kwa sauti jina la dawa, kiasi na njia ya kumpa mgonjwa, na sigusi sindano mpaka daktari aitikie. Mgonjwa naye namwomba ataje jina lake mwenyewe. Ukimwuliza, "Wewe ndiye fulani?" mtu aliyezidiwa na maumivu ataitikia jina lolote.

Ndugu wa wagonjwa nao nimewaingiza kwenye ulinzi huu. Kabla sijaondoka kwenye benchi nawaambia: akianza kupumua haraka, akitokwa jasho la baridi, akiongea vitu visivyoeleweka au akiwa mgumu kuamshwa, njoo uniite, hata ukinikuta na mgonjwa mwingine. Wenzangu wengine walihofia tutasumbuliwa usiku kucha. Wanaoniita si wengi, na kila anayeniita namfuata hadi kwenye benchi.