Usiku wa pasi tatu: safari ya kwenda Orchard Park

Upepo tulikutana nao kabla hatujafika mpakani. Kutoka Toronto hadi Buffalo ni kama kilomita 160 kwa barabara ya QEW, inayolizunguka Ziwa Ontario upande wa magharibi, na njiani kuna madaraja mawili yaliyoinuliwa juu sana: la Burlington, na la Garden City pale St. Catharines. Siku yenye upepo, madaraja hayo ndiyo kipimo chako. Ukiona malori yenye kontena tupu yanatambaa upande wa kulia, na usukani wa gari dogo unakuvuta pembeni kila upitapo uwazi kati ya nguzo, hesabu kwamba uwanjani mpira hautarushwa mbali usiku huo.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 6 Desemba 2021. New England Patriots walikuwa wageni wa Buffalo Bills katika futiboli ya Kimarekani, kwenye uwanja wa Orchard Park, kusini mwa Buffalo, mchezo uanze saa 2:15 usiku. Mpaka wa ardhini wa Marekani, uliokuwa umefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, ulikuwa umefunguliwa tena kwa waliochanjwa tangu tarehe 8 Novemba. Kuanzia tarehe 30 Novemba, mkazi wa Kanada aliyekamilisha chanjo na kurudi kabla ya saa 72 hakudaiwa tena kipimo cha maabara. Kilichobaki ni programu ya simu ya ArriveCAN, fomu ya kuingia Kanada iliyokuwa ya lazima hadi Septemba 2022, na hiyo ilifaa kujazwa ukiwa bado na chaji na vidole vyenye joto. Ungengoja kuijaza kwenye foleni ya kurudi, saa 7 usiku, ungejuta.

Tulivuka kwa Peace Bridge, daraja la mwaka 1927 kati ya Fort Erie na Buffalo. Ada hulipwa ukielekea Kanada tu. Chini yake maji ya Ziwa Erie ndiyo kwanza yanaingia Mto Niagara, na siku hiyo yalikuwa ya kijivu, yenye mapovu meupe yaliyokatika vipande vipande. Mitaa iliyo karibu na daraja, upande wa magharibi wa Buffalo, ina wakimbizi wengi waliopewa makazi humo, Wakongo na Warundi wakiwemo. Pita Grant Street na huenda ukasikia Kiswahili cha Bukavu kabla hujasikia Kiingereza.

Tatizo la Buffalo ni umbo la ziwa. Erie lina urefu wa kilomita 388 hivi, limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na Buffalo imekaa kwenye ncha ya mashariki kabisa. Upepo ukivuma kutoka magharibi haukuti mlima wala msitu wa kuupunguza kasi. Unateleza juu ya maji hadi ukutane na mji. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi, wastani wa mita 19, kwa hiyo upepo mkali huweza kuyasukuma maji yakajaa upande wa Buffalo huku Toledo, ncha ya pili, yakipungua. Mwanamaji wa Lamu angeelewa mara moja: mji mzima uko demani, upande upepo unakoelekea, na ziwa zima liko joshini, upande unakotoka.

Kutoka darajani hadi uwanjani kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni barabara ya 5 kando ya ziwa, kupitia daraja la Skyway, kisha Lackawanna, ambako mitambo ya umeme wa upepo imesimama juu ya ardhi ya kiwanda cha zamani cha chuma cha Bethlehem. Inapendeza macho, ila Skyway hufungwa upepo ukizidi, na ukikuta kizuizi unapoteza nusu saa kuzunguka. Ya pili ni I-190 kwenda kusini, uingie I-90, utokee namba 56, Mile Strip Road. Hatukuijaribu ile ya kwanza. Walioweka mitambo pale Lackawanna walijua wanachokifuata, na ndicho hicho hicho tulichokuwa tunakikimbia.

Magari huegeshwa kwenye viwanja rasmi au kwenye bustani za watu kando ya Abbott Road na Southwestern Boulevard. Chagua bustani yenye changarawe, si majani: ardhi iliyolowa hukamata magurudumu, na usiku wa manane hakuna wa kukusukuma. Kawaida ya Buffalo ni kuchoma nyama na kunywa kando ya gari kwa saa kadhaa kabla ya mchezo. Siku ile turubai zilikuwa zinafungwa kwenye magurudumu ya magari kwa kamba, na bado zingine zilipinduka. Jiko la mkaa likiwekwa wazi kwenye upepo wa namna hiyo mkaa huwaka upande mmoja na kuisha haraka, na cheche zinaruka hadi kwa jirani. Liweke nyuma ya gari, upande wa demani, na mfuniko usiufungue hovyo.

Mavazi ni hesabu, hayahitaji ushujaa. Joto lilikuwa juu kidogo tu ya kiwango cha kuganda, na theluji nyepesi ilikuwa inapita kimshazari. Kwa kipimajoto hiyo si baridi kali kwa Buffalo. Kinachoumiza ni upepo kupita nguoni. Vazi la ndani liwe la sufu au nailoni, si pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na jasho hugeuka barafu ukikaa. Juu yake sufu nene, na nje koti lisilopitisha upepo hata kama ni jembamba. Chukua kipande cha boksi, kama sentimita 40 kwa 40, ukikanyage muda wote: baridi kubwa hupanda kutoka kwenye zege na kuingia nyayoni. Vifuko vya joto vya mkononi vifungue robo saa kabla, maana vinahitaji hewa ili vipate moto. Ukivibana ndani ya kiatu kilichokaza vinazimika. Mfuko wa kuingia nao lazima uwe wa plastiki angavu usiozidi takriban sentimita 30 kwa 15 kwa 30. Miavuli hairuhusiwi, na usiku ule usingeufungua hata ungeruhusiwa. Tiketi iko kwenye simu, na betri hufa haraka kwenye baridi, basi simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Uwanja wa Highmark wa wakati ule ulifunguliwa mwaka 1973. Kutoka nje ulionekana mfupi kwa sababu sehemu ya kuchezea ilichimbwa kama mita 15 chini ya usawa wa ardhi. Mtu angedhani shimo lingewakinga wachezaji. Lilifanya kinyume chake. Ncha za uwanja zilielekea takriban kule upepo unakotoka, basi upepo ulipita juu ya ukingo, ukadumbukia ndani, ukagonga majukwaa na kurudi kwa njia isiyotabirika. Ndiyo maana usiutazame upepo kwa bendera za juu ya majukwaa. Tazama utepe mdogo ulio kileleni mwa kila mlingoti wa goli, wenye urefu wa sentimita 107. Usiku ule tepe za goli moja zilielekea upande mmoja na za goli la pili zilipinda upande mwingine kabisa, na milingoti yenyewe ilikuwa inatikisika.

Ingia mapema, saa nzima na nusu kabla, uwatazame wapiga mateke wakijipima. Hilo ndilo somo bora la usiku wa upepo, na wengi hulikosa kwa sababu ya foleni ya bia. Mpigaji huanza karibu, yadi 30 hivi, kisha anarudi nyuma yadi tano tano, halafu anahamia goli la pili na kurudia. Mwisho anamwambia kocha mstari: upande huu tunaweza kutoka hapa, upande ule hapa. Mistari hiyo miwili ikitofautiana sana, mpango mzima wa mchezo unabadilika kila robo, maana timu hubadilishana pande mwisho wa robo ya kwanza na ya tatu. Hewa baridi nayo inaufanya mpira uwe mgumu na usioruka vizuri. Mpira hujazwa hewa hadi kati ya 12.5 na 13.5 kwa psi, kipimo cha shinikizo la hewa, ukiwa chumbani. Ukitoka kwenye nyuzi 20 hadi 2 hupoteza zaidi ya psi moja na nusu bila mtu kuugusa.

Kwa aliyezoea kandanda: timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kuvusha mpira hadi mwisho ni pointi 6, kisha unapewa nafasi ya nyongeza: teke la pointi 1, au jaribio moja kutoka yadi ya 2 kwa pointi 2. Teke lile la nyongeza hupigwa kutoka yadi 33. Ishike namba hiyo.

Patriots walikuja wakiwa wameamua kutorusha. Walimweka Michael Onwenu kama mtu wa sita kwenye ukuta wa mbele, ambao kwa kawaida una watano, na nyuma yake Jakob Johnson, Mjerumani wa Stuttgart, kazi yake ikiwa kutangulia na kufungua njia kwa bega. Kila mtu uwanjani alijua wanakimbia. Lakini ulinzi unaojua jambo na ulinzi unaoweza kulizuia ni vitu viwili. Bills walipowasogeza watu mbele kuziba mianya, nyuma hapakubaki mtu, na katika robo ya kwanza Damien Harris alipopenya ule ukuta alikimbia yadi 64 bila kuguswa tena. Hapo kocha Bill Belichick akakataa lile teke la yadi 33. Walienda kwa pointi 2, Brandon Bolden akaingia. 8–0. Jirani yetu wa kiti alicheka, akasema mzee kaogopa upepo mapema mno.

Bills walirudi kwa zawadi ya upepo huo huo. Walipoupiga mpira juu kuuondosha kwao, ukapanda, ukasita, ukashuka si pale ulipoelekea. N'Keal Harry wa Patriots alikuwa chini yake na mpira ukamgusa kofia. Ukishamgusa mpokeaji, mpira ni wa yeyote atakayeudaka. Bills wakaulalia yadi 14 kutoka mwisho, na kwotabeki wao, yaani mrusha pasi, Josh Allen, akamrushia Gabriel Davis mara moja. 8–7. Sheria ya mpokeaji usiku kama ule ni moja: kama huna hakika, kaa mbali kabisa, uache uanguke. Kusimama karibu bila kuudaka ndiyo nafasi mbaya kuliko zote.

Baada ya hapo ni mateke ya goli, kila moja pointi 3. Nick Folk aliingiza la yadi 41 kwa wageni, Tyler Bass la yadi 35 kwa wenyeji, Folk tena la yadi 34 robo ya nne. 14–10. Katikati yake Patriots walikimbia mara 32 mfululizo bila kurusha hata pasi moja. Kwotabeki wa Patriots, Mac Jones, aliyekuwa kwenye mwaka wake wa kwanza, alirusha mara 3 mchezo mzima: mbili zikadakwa, jumla yadi 19. Hakuna timu iliyorusha pasi chache namna hiyo tangu Bills wenyewe waliporusha mara 2 dhidi ya Jets mwaka 1974. Rhamondre Stevenson alibeba mpira mara 24 kwa yadi 78. Hiyo ni kazi ya sulubu: yadi tatu, yadi nne, anaamka, anarudi. Mtazamaji wa televisheni huona uchovu. Kiwanjani unasikia mlio wa mabega, na unaona walinzi wa Bills wakichelewa kidogo zaidi kuinuka kila mara.

Allen yeye alirusha mara 30, 15 zikadakwa, yadi 145. Ana mkono wenye nguvu kuliko karibu wote kwenye ligi, na pasi zake fupi za kasi zilipita. Ila pasi ndefu ilikuwa inapelekwa upande hewani, mpokeaji anageuka kuitazama na kuikuta imeshampita bega.

Kisha ikaja ile namba. Robo ya nne, Bills nyuma kwa pointi 4, wakafika karibu kabisa na goli, wakasukumwa nyuma kidogo, wakamwita Bass apige kutoka yadi 33. Ni umbali ule ule wa teke la nyongeza ambalo wapigaji wa ligi hii hulikosa mara chache sana. Mpira ukapita kando ya mlingoti. Jirani yetu hakusema kitu. Bills walipata nafasi nyingine, wakafika yadi ya 18, jaribio la nne, yadi 14 zikihitajika. Kama lile teke lingeingia, sasa teke jingine lingewapa ushindi. Badala yake Allen alilazimika kurusha, na Myles Bryant wa Patriots akaupiga mpira chini kwa mkono.

Kutoka maegeshoni kulichukua muda mrefu kama robo ya mchezo. Usiwashe gari ukae ndani mara moja. Tembea kwanza, miguu ipate damu, kwa sababu kanyagio la breki hulihisi vibaya ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi. Kwenye I-190 redio ilikuwa inarudia tu hesabu ya pasi tatu. Darajani afisa wa Kanada alitaka pasipoti, cheti cha chanjo na ile risiti ya ArriveCAN, akauliza tulikuwa wapi. Tulipomwambia, aliuliza matokeo, akatikisa kichwa, akatuonya tushike usukani kwa mikono miwili kwenye daraja la Garden City.